Sweta Iliyokuwa Kwenye Kamba

Siku Leonsi, muuza mitumba wa sokoni, anapofungua belo la sweta, Coleta hagombani na mtu. Wanawake wenzake huinama wote kwa pamoja juu ya turubai, migongo imebanana, mikono inavuta huku na huku. Huyu kashika shingo, yule kashika pindo, na sweta katikati yao inanyooka kama inayoulizwa ni ya nani. Coleta husimama pembeni, kikapu mkononi, akitazama. Wenzake wanatafuta rangi. Yeye anatafuta uzi.

"Mama Adela, leo umekuja kupunga upepo?" Leonsi humtania kutoka kwenye kigoda chake.

"Nawaacha wateja wako wamalize. Mimi nitapita nyuma yao."

"Nyuma yao yanabaki matambara."

"Hayo hayo. Niwekee matambara yangu."

Na kweli huchukua yale yaliyotupwa: sweta iliyotoboka viwiko, iliyomwagikiwa rangi kifuani, iliyofumwa kwa mtu mnene kuliko watu wote wa Sumbawanga. Huigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono. Zipo sweta ambazo kiwanda kilizikata kwa mkasi na kuzishona kwa cherehani. Hizo ukizifumua unapata vipande vifupi visivyofaa hata kufungia mdomo wa gunia. Na zipo ambazo kila upande ulifumwa kwa umbo lake. Hizo ukiupata mwanzo wa uzi, sweta nzima inakuja yenyewe, mstari kwa mstari, kama mtu aliyekubali kusimulia. Akiwa na shaka hung'oa unyuzi mmoja, akauwashia kiberiti, akanusa. Ukinuka nywele zilizoungua, ni manyoya ya kondoo. Ukiyeyuka na kuacha kijidonge cheusi, ni plastiki, na anairudisha kwa adabu.

Hajawahi kununua uzi mpya dukani, na hasemi hivyo kwa unyonge. Anasema hivyo kama wengine wanavyosema hawajawahi kuugua.

Alizaliwa Kaengesa, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi, mtoto wa katikati ambaye kila nguo ilimfikia ikiwa imeshapita kwa dada zake. Kufuma alifundishwa na masista, kwenye benchi refu la darasa la ufundi. Sindano hazikutosha wasichana wote, naye hakupenda kungoja zamu. Alichukua spoki mbili za baiskeli zilizopinda, akampelekea fundi, akasimama pale mpaka zikanyooshwa na kuchongwa ncha kwa tupa. Anazo mpaka leo, pamoja na jozi ya pili aliyoiongeza baadaye, zimekuwa laini kama mfupa ulionyonywa.

Alipoolewa na Mathias wakahamia Kizwite, mjini, mawingu ya milima ya Mbizi yakawa yanamshukia mlangoni kila asubuhi ya masika, na kipupwe upepo ukawa unapita chini ya mlango kama mwenye nyumba. Akaona kazi yake ipo hapo. Watoto wachanga wa mtaa ule wametoka hospitali na kofia zake. Wauza mahindi wanaokaa sokoni alfajiri wamevaa sweta zake. Adela, mwanawe wa pekee, alisomeshwa na sweta hizo mpaka akapata kazi kwenye duka la dawa.

Jikoni kwake, jengo dogo la matofali nyuma ya nyumba, imefungwa kamba moja ndefu juu ya moto. Mitumba ikitoka sokoni hufuliwa, ikaning'inizwa pale ikauke, ikingoja kufumuliwa. Nyumba nzima inajua: kilichopanda kwenye kamba ile hakishuki kikiwa kizima. Mathias aliwahi kusahau pale sweta yake ya kulalia, akaja kuikuta imekuwa kofia za watoto. Hakugomba. Alisema tu kwamba watoto wamependeza.

Ijumaa ile, majuma machache baada ya Pasaka, kamba ilikuwa imejaa na Coleta hakuwa na nafasi ya kuigusa. Wageni walikuwa wanakuja kutoka Chala.

Adela alikuwa amechumbiwa na Obed, fundi wa umeme wa sola, kijana mpole wa familia ya wafugaji waliohamia Rukwa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga zamani, kabla yeye hajazaliwa. Washenga walishakuja na barua, ikapokelewa. Ilibaki kitu kimoja: baba yake Obed, Mzee Nyanda, aje mwenyewe, akae na wazazi wa binti, kila upande useme ndiyo. Padri alishawaambia kwamba wakikubaliana, matangazo ya ndoa yatasomwa Jumapili hiyo hiyo.

Neno lile la ndiyo ndilo lililomnyima Coleta usingizi. Adela alishawahi kuchumbiwa kabla ya hapo. Wazee walikaa hivi hivi, sebuleni hapa hapa, wakarushiana maneno juu ya jambo dogo, na kijana akaondoka na wazee wake asirudi tena. Adela hakulia mbele ya watu. Alirudi dukani kesho yake kupanga dawa. Lakini mama yake alimsikia akikohoa kikohozi cha uongo chumbani, na tangu hapo Coleta alijiapiza kwamba safari nyingine neno la kuharibu halitatoka nyumbani kwake.

Wageni walifika jioni wamelowa chapachapa. Bodaboda zilizowatoa stendi zilikutana na mvua njiani. Mzee Nyanda alikuwa mrefu, mkavu, ana fimbo, na juu ya shati alivaa sweta nene ya kahawia iliyokuwa inachuruzika maji mpaka kwenye viatu. Coleta alipiga goti kidogo, akamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Adela. Huku kwenu mbingu imetoboka?"

"Inawanyeshea wageni tu, baba. Sisi imetuzoea."

Mzee akacheka kwa pua. Akavuliwa sweta, akapewa koti la Mathias, akakaribishwa chai ya maziwa. Katika pilikapilika zile, salamu hapa, ugali pale, Coleta hakuona sweta ilikokwenda.

Asubuhi aliamka mapema kuliko majogoo. Siku ya jambo kubwa mikono yake haikai bure. Ikikaa bure kichwa kinaanza kufikiria. Aliwasha moto, akateleka maji, na yalipokuwa hayajachemka akanyoosha mkono kwenye kamba katika mwanga ule wa moto na moshi, akashusha sweta ya kwanza iliyokuja.

Akaipapasa, akatabasamu peke yake. Manyoya ya kondoo, tena mazito. Imefumwa kwa mkono, si kiwandani. Viwiko vimelika, lakini uzi uliobaki ungetosha sweta mbili za watoto. Leonsi alikuwa amemwekea dhahabu kwenye matambara na hakujua! Akakata mshono wa bega, akauchomoa mkono wa kushoto, akatafuta mwanzo, akavuta.

Ukaja. Alikuwa akiuzungusha kwenye miguu ya kigoda alichokipindua, duru kwa duru, uzi umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa misuko. Mara kwa mara kidole chake kiligonga fundo, mahali ambapo mfumaji aliunga uzi kwa uzi. Coleta alilisogeza moja karibu na moto. Uzi ulipitishwa mara mbili, ukarudi chini ya shingo ya uzi wenyewe, ukakazwa. Masista hawakumfundisha hivyo. Wala hajaliona kwenye sweta yoyote ya mtumba.

"Mzungu gani huyu anayefunga uzi hivi?" akajiuliza, akaendelea kuvuta.

Mkono wote ulikuwa umekwisha, umekuwa uzi kwenye kigoda, Adela alipoingia na sinia la vikombe.

"Mama, shikamoo. Ile sweta ya baba yake Obed imekauka? Ameniuliza."

"Marahaba. Sweta gani?"

"Ya kahawia. Obed aliianika humu jana, mwenyewe, ulipokuwa sebuleni…"

Adela hakumaliza. Alikuwa anatazama magoti ya mama yake.

Maji yalichemka, yakamwagikia moto, hakuna aliyeyaipua.

"Mama," Adela alisema kwa sauti ndogo. "Mama, ile aliifuma marehemu mama yake Obed. Mzee haivui. Obed aliniambia, tangu mama yake afe mzee haivui, labda ilowe kama jana."

Coleta alishika kilichobaki, sweta ya mkono mmoja, akaihisi nzito kama mtoto aliyelala. Amefumua sweta nyingi maishani, za watu waliokufa na walio hai, wa nchi asizozijua, na hata siku moja hakuwaza kwamba upande wa pili wa uzi kuna mtu.

"Mwambie bado imelowa," Adela alisema haraka. "Moto ulizimika usiku. Mwambie tutamtumia Chala. Mama, tafadhali, leo tu! Baba mkubwa Kornel anakuja saa nne, na unaujua mdomo wake."

"Halafu nitume nini? Sweta ya mkono mmoja?"

"Utaifuma upya. Wewe unaweza, nani atajua?"

"Naweza," Coleta alisema, na hakuwa anajisifu. "Lakini siwezi kuanza ukwe kwa kumdanganya mtu akiwa anatetemeka na baridi. Andaa chai. Mzee yuko wapi?"

Mzee alikuwa bandani. Mathias ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na mgeni aliyelala karibu na ng'ombe hakuweza kuanza siku kabla ya kumwona. Coleta alichungulia dirishani. Ndama alikuwa amechomoka kwenye kamba yake, kama kawaida yake kila asubuhi, anazungukazunguka kwenye tope. Mzee Nyanda alimkamata kwa sikio, akamrudisha nguzoni, akaifunga kamba kwa mikono iliyofanya kazi ile bila kutazamwa. Akaipitisha mara mbili. Akairudisha chini ya shingo ya kamba yenyewe. Akaikaza.

Coleta alibaki dirishani. Halafu akaushika uzi wa kahawia, akalitafuta fundo kwa vidole, akalitazama. Akaitazama nguzo.

Akakunja sweta kwenye khanga, akatoka.

"Mwangaluka, Mama Adela," mzee alimsalimia kwa salamu ya kwao ya asubuhi. "Ndama wenu alikuwa amefungwa na mtu mwenye huruma. Sasa hatoki."

"Baba, nimekuja na kosa." Akaifungua khanga. Hakuzunguka. "Ilikuwa kwenye kamba ambayo naanika mitumba ya kufumua. Nikadhani ni mali yangu. Mkono mmoja umeshakwenda. Naomba unisamehe mimi, lakini watoto wasilipie mikono yangu."

Mzee aliichukua. Aliigeuza, akaingiza vidole pale palipokuwa na bega. Ng'ombe alikuwa anacheua.

"Umeambiwa ni ya nani?" mzee aliuliza mwisho.

"Nimeambiwa aliifuma marehemu mama yake Obed."

"Na wewe fundi unaonaje?"

Coleta alimtazama usoni, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya kwa mzee wa ukweni.

"Mimi, baba, naona fundo. Kwenye sweta liko, na kwenye nguzo liko."

Mzee alitazama nguzo. Akatazama nyumbani kuona kama kuna mtu mlangoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Coleta akadhani analia mpaka alipoona meno.

"Nani mwingine ameona?"

"Ndama."

"Basi tuko salama." Akajifuta macho kwa kiganja. "Rahel, mke wangu, hakujua kushona hata kifungo. Mimi nilivunjika mguu, mkokoteni ulinilalia, nikawekwa hospitali ya misheni miezi na miezi. Kulikuwa na sista anafuma zamu ya usiku. Nikamwambia, nipe na mimi, nitakufa kwa kutazama dari. Nilirudi nyumbani natembea, na hii nimeivaa. Pale mnadani wenzangu wanauliza, Nyanda, nani kakufumia? Mimi naona aibu kusema. Rahel anajibu: mimi. Hivyo hivyo, anauza maziwa, hata hakugeuka. Mimi."

"Alikufichia."

"Mpaka kufa. Viwiko vikilika, naingia ghalani nafumua, nafuma tena, yeye anakaa mlangoni anapembua mtama na kukohoa mtu akija." Akapapasa kiwiko cha mkono uliobaki. "Hata huu umekwisha. Ulichofanya nilikuwa nakiahirisha tangu mavuno. Sindano unazo?"

"Ninazo, baba."

"Za nini?"

"Za spoki."

"Basi kalete, na huo mkono wa pili uufumue. Mkono mpya na mkono wa zamani haikai kwenye sweta moja. Wewe fuma huo, mimi nifume wangu."

Coleta hafumi uzi ambao haujaoshwa na kunyooshwa kwa chupa ya maji. Ni sheria yake. Asubuhi ile aliivunja. Walikaa bandani juu ya magunia ya pumba, mgongo umeelekea mgongo kwa heshima, kila mmoja akaanza mkono wake, wa kushonewa begani baadaye. Yeye anafuma kwa kulegeza, kitanzi kipumue. Alisikia nyuma yake sindano za mzee zikikaza, tik, tik, kama anayefunga mzigo wa safari.

"Baba!" Obed alikuwa anakuja kutoka nyumbani. "Baba, chai!"

Coleta hakufikiri. Alizipokonya sindano za mzee na kila kitu, akavifunika na khanga, akamshika mzee kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mama," Obed alisema, akisimama mlangoni. Macho yake yalitoka kwa mmoja yakaenda kwa mwingine.

"Marahaba, mwanangu. Nampima baba yako mkono. Sweta yake imepata ajali kidogo, ntaitengeneza."

Obed alimtazama baba yake kwa hofu. Baba yake alikuwa anatazama paa la banda, midomo ameibana. Kijana alipoondoka, mzee alisema polepole, "Umejibu kama Rahel."

Coleta alijishangaa. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekataa uongo.

Baba mkubwa Kornel alifika saa nne na kanzu anayovalia harusi za watu. Ni kaka mkubwa wa Mathias, na kwenye vikao vya ukoo ndiye mdomo. Mathias anasaga nafaka za watu mashineni na maneno yake huisha huko huko. Walikaa sebuleni: Kornel na Mathias upande mmoja, Mzee Nyanda na Obed upande wa pili, Coleta na Adela kwenye mkeka karibu na mlango. Mzee alikuwa bado kwenye koti la Mathias, mikono imetokeza nje ya koti mpaka karibu na viwiko.

Chai ilinywewa, habari za mvua zikaisha, za barabara zikaisha. Kornel akajikohoza.

"Mzee Nyanda, sasa niseme la moyoni. Kijana hatuna neno naye. Lakini nyie watu wa ng'ombe tunawajua, tumekaa nanyi miaka. Mwanaume kwenu kazi yake fimbo. Anasimama, anaonyesha kwa fimbo: maji kule, kuni kule. Binti yetu ana kazi ya watu, anarudi jioni miguu imevimba. Atamkuta mwenzake amekaa anangoja kuandaliwa?"

"Kaka," Mathias alisema.

"Niache. Kama la kuharibika, bora liharibike hapa kuliko mbele ya safari."

Coleta aliisikia sebule ikipoa. Yalikuwa maneno yale yale ya mara ya kwanza, kiti kile kile, hata sauti. Kando yake Adela alianza kukohoa kikohozi cha uongo.

Mzee Nyanda alizungusha kikombe. Obed aliinamisha kichwa. Coleta alikuwa na maneno kumi mdomoni, lakini yote yalikuwa ya kumsihi Kornel, na kumsihi Kornel ni kumwongezea kuni.

"Mama Adela," mzee alisema, "ule mkono wangu uko wapi?"

"Mkono gani?" Kornel akauliza.

Coleta alimtazama mzee kuhakikisha. Mzee akaitikia kwa kichwa, mara moja tu: lete. Coleta akaenda jikoni, akarudi na kikapu. Mzee Nyanda alivua koti, akatoa miwani mfukoni mwa shati, akaivaa, akaweka sweta magotini, akashika spoki mbili. Akaanza.

Zilisikika sindano tu, tik, tik, na nje ndama anamlilia mama yake. Vidole vile vikubwa, vyenye kovu la kamba, vilitupa uzi, vikachukua, vikatupa. Kornel aliinama mbele kama mtu anayetafuta kilichodondoka.

"Mzee… hiyo ni wewe?"

"Ni mimi. Rudia swali lako."

"Lipi?"

"La fimbo."

Mathias, ambaye hacheki mbele ya kaka yake, alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini Obed alikuwa hacheki.

"Baba, mama ndiye aliye…"

"Mama yako hakujua hata kushona kifungo. Vifungo vyako vya shule nilishona mimi, umelala. Alisema sweta ni yake kwa sababu niliogopa kuchekwa." Hakuinua macho kwenye kazi. "Nimeona leo asubuhi mama mwenzake anaanza kunifichia vile vile. Nikasema basi. Wanawake wawili wa kunifichia, hapana, watachoka."

Obed aliitazama sweta muda mrefu. Kisha alinyoosha mkono akaushika ukingo wake, taratibu, kama mtu anayemgusa aliyelala.

Kornel hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Haya, baba anafuma. Tunaoza kwa baba? Mtoto je?"

"Mtoto hajui kufuma," mzee alikiri. "Lakini jana sweta yangu ilipolowa, ni nani aliyeipeleka jikoni kuianika, akaongeza na kuni kwenye moto? Hakutumwa."

Wote wakamgeukia Obed.

"Aliianika," Coleta alisema. "Ila aliianika pabaya."

Na hapo hata Adela alicheka, mkono mdomoni, na kikohozi kikasahaulika. Coleta alichukua sindano zake, akakaa pale mlangoni, na yeye akaendelea na mkono wa pili, mbele ya watu. Kikao kikaendelea hivyo, wazazi wawili wanafuma ncha mbili za sebule, mikono miwili ya sweta inarefuka. Kornel aliuliza maswali mengine mawili matatu, lakini macho yake yalikuwa kwenye sindano na sauti yake ilikuwa imeshuka. Mwishoni alisema upande wa Adela umesema ndiyo. Mzee Nyanda alimalizia kwanza mstari aliokuwa nao, ndipo akasema ndiyo ya kwake.

Jumapili matangazo yalisomwa. Obed wa Chala, Adela wa Kizwite, mwenye kujua kizuizi aseme. Mzee Nyanda alisimama kanisani na sweta yake ya kahawia. Mkono wa kushoto, alioufuma yeye, ulikuwa mgumu kama kamba na uliishia juu ya kifundo. Wa kulia, wa Coleta, ulikuwa laini, umemfunika mpaka kwenye vidole. Kila aliyempa mkono wa amani alitazama mara mbili. Kornel, benchi la nyuma, alimnong'oneza Mathias kwamba sweta ya mzee imefumwa na watu wawili waliogombana. Mathias akamwambia hapana, hawakugombana.

Stendi, basi la Chala likiwa linanguruma, mzee alikunja mkono wa kulia mara moja ili apate kushika fimbo.

"Baba, ungeniachia huo nikaupunguza," Coleta alisema.

"Acha. Baridi ikizidi naushusha, nafunika vidole." Akapanda ngazi, akageuka. "Kwaheri, mkwe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Jioni, nyumba iliporudi kimya, Coleta aliingia jikoni na kipande cha kamba mpya. Aliifunga upande wa dirishani, mbali na ile ya zamani, kutoka msumari hadi msumari, akamwambia Adela kwamba hiyo ni ya wageni na haiguswi. Akaipitisha mara mbili, akairudisha chini ya shingo yake, akaikaza. Akaivuta kwa uzito wake wote. Haikuteleza.